Taa za Nyuma za Bwana Mizani

YAH: TAA ZA NYUMA ZA CHOMBO CHA MOTO KIDOGO, RANGI YA MAZIWA, KUTOKUWA NA VIOO VYAKE HALISI AU VINAVYOFANANA NAVYO.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa karatasi aliyorudi nayo Abdulwakil kutoka kwenye ukaguzi siku ya Jumatatu. Ilikuwa na mihuri miwili, mmoja wa mviringo na mmoja wa mstatili, na nafasi ya muhuri wa tatu, ambao mwenye kuushika alikuwa amekwenda kula. Tuliisomea pale pale kijiweni, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, Tanga, kwenye ule ubao uliolazwa juu ya matofali mawili ya saruji. Upande mmoja wa ubao ndipo anapokaa Maulid, muuza kahawa, na jiko lake la mkaa, dele la shaba la kahawa, ndoo ya kusuuzia finjani, na kisahani chekundu cha kashata kilichofunikwa kitambaa kwa ajili ya nzi. Upande wa pili hukaa mwenye hoja. Ng'ambo ya barabara, hatua kumi na mbili tu, lilisimama gari lenyewe, limetupa kisogo, na pale taa za nyuma zilipostahili kuwa palikuwa na matundu mawili yenye balbu zisizo na nguo.

Ulikuwa mwaka themanini na sita, na Idd Kubwa ilikuwa mlangoni. Madukani vitu vilikuwa vinarudi kimoja kimoja, kama wageni walioondoka bila kuaga. Ilirudi sabuni, zikarudi khanga, kisha spea za magari. Mwenye fedha zake za nje aliruhusiwa kuagiza anachotaka bila kuulizwa amezipata wapi, na sisi tuliozoea kuulizwa hata tumepata wapi kiberiti, huko kutoulizwa ndiko kulikotutia wasiwasi.

Abdulwakil tulimwita Bwana Mizani. Alikuwa karani wa vipimo miaka thelathini, kazi yake kupita madukani akihakikisha kilo ya mfanyabiashara ni kilo ya watu wote. Alistaafu, lakini hakuacha. Mpaka leo ukimwambia umenunua nusu kilo ya tende anaiomba aishike kidogo.

Gari alilinunua akiwa bado kazini. Mwaka themanini na tatu matairi yakaisha, mengine hayapatikani, akaliweka juu ya mawe na kulifunika turubai. Sasa matairi yamepatikana, manne na la akiba, gari limeshuka kwenye mawe na injini imekubali kuwaka baada ya kubembelezwa siku mbili. Kilichobaki kilikuwa kwenye ile karatasi. Mwenye gari alitakiwa alirudishe Alhamisi kabla ya saa tisa, likiwa na vioo vyekundu vyenye ncha ya rangi ya chungwa, la sivyo cheti kisubiri mpaka baada ya sikukuu.

Na sikukuu ndiyo iliyokuwa inamnyima usingizi. Mama mkwe wake, Bi Mwamvua, anakaa Kigombe, njia ya Pangani. Mwaka ule ule wa themanini na tatu, kabla matairi hayajaisha, Mizani alimwahidi kwamba Idd ile atamfuata na gari, amlete mjini kwa bintiye Mwatima, akae kiti cha mbele. Bibi akafunga bahasha yake ya nguo, kitambaa kilichofungwa pembe nne, siku hiyo hiyo. Idd ikapita, ikapita nyingine. Malori yalikuwapo, na mara mojamoja basi, lakini alikataa kupanda; alisema ameambiwa atafuatwa. Kila mwezi aliifungua bahasha, akazianika khanga, akazifunga tena. Na kila Ijumaa wauza samaki wanaokuja kwa baiskeli kutoka Kigombe walipita kijiweni na salamu ile ile, mbele ya watu wote:

— Bi Mwamvua anasema, mwambieni mkwe wangu bado nipo.

Hakuongeza neno. Miaka mitatu ya maneno hayo mawili ya mwisho ilimpunguza Mizani kilo nne, na alizipima mwenyewe.

Basi Jumatatu na Jumanne zikaliwa na mjadala. Jumatano baada ya sala ya alasiri tulikuwa bado palepale, ila sasa hoja zilikuwa zimepata vielelezo. Vilipangwa juu ya ubao, na waliozoea kukaa wakasimama.

Kielelezo cha kwanza kililetwa na Shaib, ambaye tunamwita Redio kwa sababu husikiliza stesheni tatu kila usiku na asubuhi hutangaza ya nne. Aliazima jozi ya taa kwenye duka jipya la spea, Barabara ya Saba. Zilikuwa zimevuka mpaka wa Horohoro kutoka Mombasa zikiwa ndani ya nailoni, na Shaib aliomba nailoni isitolewe. Zilikuwa ndefu, nyekundu, zina mistari ya fedha, na hazikuwahi kukusudiwa kwa gari dogo lolote.

— Hizi ndizo za wakati, akasema. Ukikanyaga breki hapa, mtu aliyeko Muheza anajua.

— Mtu aliyeko Muheza ana haja gani na breki zangu? akauliza Mizani.

— Ni heshima tu, bwana. Ajue.

Mizani akatoa futi yake mfukoni. Akapima taa, akavuka barabara, akapima tundu, akarudi.

— Taa inchi kumi na nne. Tundu inchi nane. Inchi sita zinakwenda wapi?

Shaib alisema zitakunjwa ubavuni, ndivyo wanavyofanya Ulaya sasa. Castory akacheka kwa pua. Akasema gari litaonekana limevaa koti la kaka yake.

Castory tunamwita Singa, kama singa za mkonge, kwa sababu alizaliwa ndani ya shamba la mkonge. Baba yake alitoka mbali sana kuja kukata mkonge na hakurudi kwao. Mwana akahudumia matrekta ya shamba miaka ishirini, mpaka siku mashine zilipokaa kimya. Kijiweni kwetu yeye ndiye Mkatoliki peke yake na ndiye peke yake anayejua kushika spana, mambo mawili ambayo husema hayahusiani. Yeye kielelezo chake kilikuwa taa mbili za trekta, za mviringo, nene kama sufuria, zilizonusurika kwenye ukuta wa gereji ya shamba.

— Hii hata ng'ombe aikanyage, akasema.

— Ng'ombe atafikaje nyuma ya gari linalokwenda?

— Bwana Mizani, wewe unaliita hilo linakwenda?

Mizani alikuwa amekwisha iweka taa kwenye kiganja na kufumba macho, kama afanyavyo. Akatangaza kilo moja na robo, nyingine kilo moja na robo kasoro kidogo; hazilingani. Hapo Shaib akapata upenyo. Akaeleza kwamba kilo mbili na nusu nyuma ya gari dogo zinainua pua, pua ikiinuka taa za mbele zinamulika nazi badala ya barabara, na mtu anaweza kufika Pangani akidhani yuko Kigombe kwa kuwa minazi yote inafanana.

— Mama mkwe si anakaa mbele? akasema Castory. Atarudisha pua chini.

— Mama mkwe wangu simpimi, akasema Mizani, na ilikuwa mara ya kwanza tunasikia kuna kitu asichokipima.

Castory alikuwa na shauri la pili, la kukata beseni jekundu la plastiki na kulikunja kwa moto. Shauri hilo lilikuwa zuri mpaka ilipoulizwa beseni litoke wapi. Mwatima alikuwa amesimama kizingitini kwake, ng'ambo ya pili, na beseni lake kwapani, tangu mara ya kwanza neno hilo lilipotajwa. Hakupaza sauti. Alisema beseni lile alilipangia foleni saa nne mwaka themanini na mbili, kwa namba iliyoandikwa mkononi kwa kalamu, na kwamba halitakwenda nyuma ya gari hata kama ndani ya gari yuko mama yake. Akaingia ndani, akafunga mlango, na tukasikia komeo.

— Basi tuweke beseni kando, akasema Castory.

Mizani akarudi kwenye karatasi. Aliisoma tena polepole, kidole chini ya kila neno, kama mtu anayetafuta kosa la mwenzake kazini. Sisi tulikunywa. Maulid alimimina mzunguko wa tatu, akasukuma kisahani cha kashata katikati, akarudisha kitambaa juu yake. Kisha Shaib, ambaye ukimya humchosha, akashusha sauti.

— Ninyi mnasoma kilichoandikwa. Mimi nasoma kisichoandikwa. Kwa nini vioo visiwe vya njano? Kwa nini mihuri mitatu? Angalieni magari ya nchi zilizofunga milango, taa zake za nyuma fupi. Angalieni ya nchi zilizofungua, taa ndefu. Sasa sisi tumefungua. Mkaguzi anataka taa ndefu, lakini hawezi kuandika, maana bado haijatangazwa.

— Kwa hiyo hii karatasi ni mtihani? akauliza Mizani.

— Ni mtihani wa nani amekwisha elewa.

Jambo la kutisha ni kwamba Mizani aliitikia kwa kichwa taratibu. Mtu aliyeishi miaka thelathini ndani ya ofisi hawezi kuidharau hoja ya namna hiyo. Amewahi kuona zilizo mbaya zaidi zikipita.

Maulid naye akaona asibaki nyuma. Yeye ni wa Pemba. Alivuka kuja Tanga kijana, kwa wiki mbili, kutazama mambo, na wiki hizo sasa zina miaka ishirini; lakini kwake Tanga bado ni safari.

— Mie sifahamu, yakhe, akasema. Mwenye kuja nyuma yako si ana taa zake za mbele? Kwetu mtu atembee na taa yake. Wewe unamwashia ya nini tena? Ni kumzoesha vibaya.

— Ni ili asikugonge, akasema Castory.

— Akinigonga na taa zake zinawaka, huyo alikusudia. Kioo kitamzuia?

Shaib akaidaka nafasi hiyo kufika pale ambapo hatujawahi kufika hata mwaka wa foleni za sukari.

— Tusome sheria, akasema. Imeandikwa taa za nyuma. Nyuma ni wapi? Nyuma ni unakotoka. Sasa gari likienda Kigombe kinyumenyume, unakotoka ni kwenye taa za mbele. Na za mbele ziko, nzima, zina vioo. Zipakwe rangi nyekundu, kazi imekwisha.

Tulimtazama. Castory, badala ya kumkatalia, akaanza kukokotoa. Alisema gia ya kurudi nyuma inakunywa petroli mara mbili, lakini njia ya Kigombe ni tambarare. Ubaya ni kurudi, kwani ukirudi na abiria vilevile kinyumenyume, Bi Mwamvua atasafiri njia nzima anatazama alikotoka.

— Atafika Ngamiani macho yake yako Kigombe, akasema.

Mizani akaifikiria picha hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

— Hilo angelipenda, akasema. Ila shingo yangu haina spea.

Kisha akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka mfuko wa shati na kuibonyeza kwa kiganja. Akasema, bila kumtazama yeyote, kwamba keshokutwa ni Ijumaa. Wauza samaki watapita. Safari hii hataki kuwa amekaa hapa wanapopita. Ataomba awe ndani, hata kama ni kulala mchana. Hapo utani ukapoa kidogo. Castory akaanza kuifuta taa ya trekta kwa upindo wa shati, ingawa ilikuwa safi.

Ndipo alipokuja mgeni. Alikuwa mtu wa makamo, kofia ya sufu mkononi na vumbi jekundu la milimani kwenye viatu. Alitusalimia shikamooni wote kwa pamoja, ingawa Shaib hamzidi hata miaka mitano, na Shaib akaipokea. Akajitambulisha kwa jina la Noa. Alishusha kabichi sokoni alfajiri, na gari la kumrudisha Lushoto lilikuwa bado linatafuta abiria. Akaomba kahawa. Maulid akamsogezea kisahani, akakifunua. Mgeni alikuwa hajala tangu alipoondoka kwake, na alizishughulikia kashata kwa adabu lakini bila kupumzika.

Kwa kuwa mgeni ni mgeni, alihadithiwa yote upya: karatasi, mihuri, Mombasa, trekta, beseni, nchi zilizofungua milango, na kinyumenyume. Alisikiliza kila kitu akiwa na kisahani magotini. Akamaliza kashata ya mwisho, akajipangusa midomo.

— Samahani, wazee wangu, akasema. Gari hili lilipokuja Tanga lilikuwa na taa zake?

— Bila shaka, akasema Mizani.

— Sasa zile ziko wapi?

Kahawa ilikuwa imemiminwa, na hakuna aliyeinua finjani.

Huenda msomaji wa leo akashangaa kwamba siku tatu nzima swali hilo halikumjia mtu. Lakini katika miaka ile kitu kilikuwa kipo au hakipo. Kuuliza kilikokwenda ilikuwa kazi ya polisi, na mwungwana hakuifanya kazi ya polisi mbele ya majirani. Siku ya kwanza Mizani alisema vioo havipo. Tukampa pole, tukaanza kutafuta vingine.

— Vilipotea, akasema sasa.

— Vilipotelea wapi?

Hapo Mizani, kidogo kidogo, akasimulia kwa sauti jambo ambalo sote tulilijua vipandevipande na hakuna aliyewahi kuliunganisha.

Alipoliweka gari juu ya mawe, wezi wa spea walikuwa wakilala chini ya magari ya watu. Yeye akawawahi. Alifungua kila kinachofunguka: waipa, vioo vya pembeni, jeki, betri, kofia za magurudumu, taa. Kila kitu akakifunga kwenye gazeti na kamba ya katani, na kila furushi akalipeleka kwa mtu wake, ili mwizi akipata kimoja asipate kingine. Hakumwambia mtu kuna nini ndani. Ulikuwa mwaka wa misako ya wahujumu uchumi. Watu walikuwa wanatupa baharini hata vitambaa vyao wenyewe, na mtu asiyejua anachokiweka alikuwa na raha mbele ya anayeuliza. Wala aliyepewa hakuuliza. Ulipokea, ukasema inshallah, ukatia uvunguni. Kama karani, aliandika orodha kamili ya nani kapewa nini, nakala tatu. Orodha aliificha vizuri sana, na ndiyo kitu pekee ambacho mpaka leo hakijaonekana.

— Jeki ilikuwa kwangu, akasema Castory. Nilikurudishia mwezi uliopita.

— Vioo vya pembeni kwangu, akasema Shaib. Kwa miaka mitatu nilijua ni Biblia, kwa uzito ule, nikawa nashangaa.

— Waipa kwa shemeji. Betri kwa imamu. Mizani alikuwa anahesabu kwa vidole, na kidole kimoja kikabaki wima. Taa nilimpa nani?

Ilikuwa wakati huo Castory alipoona kwamba Maulid anapepea jiko. Mkaa ulikuwa unawaka vizuri kabisa. Dele lilikuwa linatoa mvuke. Alipepea hata hivyo, uso ameuinamisha.

— Maulid, akasema Castory. Wewe hukupewa kitu?

Maulid akaweka kipepeo chini.

— Nilipewa furushi.

— Furushi langu? akasema Mizani.

— Nilikuuliza, ami. Mwaka themanini na nne, hapa hapa, umekaa ulipokaa. Nikasema, Bwana Mizani, lile furushi lako panya wameanza kulitafuna. Ukaniambia, mimi sina furushi.

— Nani alikuwepo?

Maulid akafikiri.

— Wanamgambo wawili. Wanakunywa kahawa.

— Wanamgambo wawili, akasema Mizani. Na wewe ulitaka niseme ndiyo?

— Mie mtu wa Pemba. Mtu akiniambia kitu si chake, namsadiki. Nikasubiri mwaka. Hakuna aliyekuja kulidai. Panya wakamaliza gazeti. Nikatazama, nikaona visahani viwili, vizuri, vya nchi za nje. Na wakati ule, ami, sahani ilikuwa inapatikana wapi?

Sote kwa pamoja tukageuka tukamtazama Noa, aliyekuwa bado amekiweka kisahani magotini, kitupu, kwa mara ya kwanza tangu tulipokifahamu. Kilikuwa chekundu. Kwenye ncha moja kilikuwa na rangi ya chungwa. Kwenye pembe kilikuwa na matundu mawili madogo, ambayo Maulid alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba siku zote alidhani ni ya kupitishia chenga za kashata.

Castory ndiye aliyenyanyuka. Alikichukua kwa mikono miwili, akakipangusa kwa shati, akavuka barabara hatua kumi na mbili. Akachutama nyuma ya gari, upande wa kulia, akakiegesha kwenye tundu. Kikakaa. Alikaa pale amekishika kwa kidole kimoja, bila kugeuka, ili tuone.

Kule ng'ambo komeo likafunguka, Mwatima akatoka, beseni bado kwapani. Akamtazama Castory, akaitazama taa, akamtazama mumewe. Akaliweka beseni chini, kwa mara ya kwanza tangu lilipotajwa.

Mizani alikuwa anatikisika mabega. Tulidhani ni hasira, mpaka tukaona machozi na meno kwa pamoja.

— Mwaka mzima na nusu, akasema alipoweza. Nakula kashata ndani ya taa yangu.

— Na hukuacha kukisifu kisahani, akasema Maulid. Ulisema kina kimo kizuri.

— Nilikipima?

— Inchi nane, ami. Ulinipimia mwenyewe.

Alipoulizwa kisahani cha pili kiko wapi, Maulid aliomba radhi kwanza ndipo akasema. Kilikuwa uani kwake, vifaranga wanakinywea maji. Wakaenda watatu kukichukua, Maulid mbele, na kuku mama aliwapinga kwa nguvu kuliko ofisi yoyote. Shaib alirudi na alama ya mdomo wa kuku huyo kwenye kifundo cha mguu. Castory alifunga vioo vyote viwili kwa skrubu nne alizozitoa kwenye taa za trekta, kabla jua halijafika kwenye paa la msikiti. Mtu akakaa ndani kukanyaga breki, na sisi wengine, mgeni tukiwa naye, tukasimama nyuma kwa mstari. Ziliwaka. Taa ya kulia ilikuwa na wingu kidogo kwa mafuta ya njugu, ya kushoto ilikuwa safi kwa kuoshwa kila siku. Noa akasema ahsanteni kwa kahawa, akaenda kulitafuta gari lake.

Alhamisi saa nne mkaguzi alizikagua taa hizo mbele na pembeni, akainama, akanusa. Akauliza kwa nini ya kulia inanukia tangawizi. Mizani akajibu kwamba ilihifadhiwa mahali pazuri. Mkaguzi akatafuta kwenye fomu sehemu ya harufu, hakuiona, akaandika zinafaa. Mwenye muhuri wa tatu alikuwa amerudi kutoka kula.

Shaib alizirudisha taa ndefu Barabara ya Saba ndani ya nailoni yake na bado anasema ni mapema mno kwetu. Castory alimwachia Maulid kioo kimoja cha trekta, cha mviringo, kirefu cha kina, na kashata sasa zinakaa humo. Mizani amekwisha kipima.

Ijumaa wauza samaki hawakupita na salamu. Bi Mwamvua aliwasili Barabara ya Kumi na Mbili saa tano asubuhi, kiti cha mbele, bahasha mapajani.